Upungufu wa Damu kwa Watoto Wadogo: Funzo la Ifakara na Funzo la Pemba

Mzazi anapomtazama mtoto wake akaona viganja vimekuwa vyeupe, midomo imefifia na pumzi zinakwenda mbio, jambo la mwanzo linalomjia ni kutafuta dawa ya kuongeza damu. Dawa hiyo hupatikana kwa wepesi. Maduka ya dawa huiuza kwa chupa na kwa vidonge, na jirani yeyote anaweza kuitaja kwa jina. Aghlabu kinachouzwa ni madini ya chuma, peke yake au pamoja na vitamini. Wengi huamini kuwa dawa ya namna hiyo haiwezi kumdhuru mtu: mwenye upungufu ataongezewa, na asiye na upungufu hatapata hasara yoyote.

Imani hiyo imepimwa kwa uchunguzi wa kitaalamu katika sehemu mbili za nchi yetu. Sehemu ya kwanza ni Ifakara, katika bonde la mto Kilombero, Mkoa wa Morogoro. Sehemu ya pili ni kisiwa cha Pemba. Majibu yaliyopatikana katika sehemu hizo hayakufanana, na kule kutofanana kwake kumechangia kubadilisha mwongozo wa kuwapa watoto madini ya chuma katika nchi nyingi zenye malaria. Makala haya yanaeleza nini kilifanyika, nini kilionekana, na nini kinampasa mzazi na mtumishi wa umma kukizingatia.

Kazi ya madini ya chuma mwilini

Wekundu wa damu unatokana na hemoglobini, ambayo ndiyo inayobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuifikisha kila pahala mwilini. Hemoglobini haiwezi kutengenezwa bila ya madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini hayo aliyoipata kwa mama yake, na akiba hiyo humtosha kwa miezi minne hadi sita hivi. Ikiwa mama mwenyewe alikuwa na upungufu wa damu wakati wa ujauzito, au mtoto amezaliwa kabla ya kutimiza miezi, akiba huisha mapema zaidi. Upungufu unaoendelea kwa muda mrefu hudhoofisha ukuaji wa mwili na hata wa akili.

Lakini si kila upungufu wa damu unatokana na ukosefu wa chuma. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu, huzaliana humo, kisha huzipasua. Minyoo ya safura hung'ata utumbo na kufyonza damu kidogo kidogo. Ugonjwa wa selimundu huharibu chembe nyekundu kwa sababu ya maumbile ya kurithi. Watoto watatu wanaweza kuwa na viganja vyeupe vilivyo sawa, na kila mmoja akawa na sababu yake. Viganja vyeupe basi ni dalili tu, na sababu yake hujulikana kwa kupima.

Uchunguzi wa Ifakara

Mji wa Ifakara umo katika bonde pana baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mto Kilombero hufurika kila masika na kuacha ardhi yenye rutuba, na wakaazi wengi wa bonde hilo ni wakulima wa mpunga. Wakati wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani na kulala katika madungu, mbali na vituo vya afya. Maji yanayostawisha mpunga ndiyo pia yanayozalisha mbu. Katika miaka ya 1990 baadhi ya vijiji vya bonde hilo vilikuwa miongoni mwa sehemu zenye maambukizo makubwa kabisa ya malaria, ambako mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea mara mia kadhaa kwa mwaka.

Ifakara pia ina historia ndefu ya utafiti. Maabara iliyoanzishwa na Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto katika miaka ya 1950 ilikua hadi ikawa kituo cha utafiti cha Tanzania, ambacho tangu mwaka 2008 kinajulikana kwa jina la Taasisi ya Afya Ifakara. Karibu nayo ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisi, ambayo kwa miaka mingi imewahudumia wakaazi wa Kilombero na Ulanga. Madaktari wa hospitali hiyo walikuwa wakipokea watoto wengi wenye upungufu mkubwa wa damu, na wengi wao walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja.

Swali lililoulizwa lilikuwa hili: je, watoto hao wanapungukiwa na damu kwa kukosa chuma, au kwa sababu ya malaria? Na je, kumpa mtoto chuma katika nchi ya malaria kunaweza kuwalisha vimelea na kuzidisha maradhi? Kuanzia mwaka 1995 watafiti wakiongozwa na Dk. Clara Menéndez waliwaandikisha watoto wachanga 832 waliozaliwa hospitalini hapo na kuwagawa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa chuma kila siku pamoja na dawa ya kukinga malaria, iitwayo Deltaprim, kila wiki. Kundi la pili lilipewa chuma tu, la tatu dawa ya malaria tu, na la nne halikupewa hata moja kati ya hizo. Chuma kilitolewa tangu mtoto akiwa na wiki 8 hadi wiki 24, na dawa ya malaria hadi wiki 48. Pale ambapo mtoto hakupewa dawa ya kweli, alipewa nyengine isiyo na nguvu, ili mzazi wala muuguzi asijue nani anapata nini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Watoto waliopewa chuma walipungukiwa na upungufu mkubwa wa damu kwa karibu asilimia 29, na malaria haikuongezeka kwao. Waliopewa dawa ya malaria walipungukiwa na malaria kwa karibu asilimia 61, na upungufu mkubwa wa damu kwa asilimia 57. Kwa maneno mengine, kuikinga malaria peke yake kuliihifadhi damu ya watoto kwa kiasi cha mara mbili ya kile kilichopatikana kwa kuwapa chuma.

Hata hivyo, kulikuwa na jambo la kutahadharisha. Watoto waliokingwa kwa dawa ya kila wiki walipoachishwa dawa hiyo, katika mwaka uliofuata waliugua malaria na kupata upungufu mkubwa wa damu zaidi kuliko wenzao. Miili yao haikuwa imepata fursa ya kujenga kinga. Kwa sababu hiyo watafiti wa Ifakara walitafuta njia nyengine. Katika uchunguzi wa pili, uliochapishwa mwaka 2001 na kuongozwa na Dk. David Schellenberg, watoto 701 waligawiwa kupata dawa ya SP au dawa isiyo na nguvu mara tatu tu, wanapofikishwa kliniki kwa chanjo zao za miezi miwili, mitatu na tisa. Katika mwaka wa kwanza wa maisha yao, waliopewa SP walipungukiwa na malaria kwa asilimia 59 na upungufu mkubwa wa damu kwa asilimia 50. Safari hii maradhi hayakurudi kwa nguvu baada ya dawa kusita. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza utaratibu huo kwa nchi za Afrika zenye malaria nyingi, pale ambapo dawa ya SP bado ina nguvu dhidi ya vimelea.

Uchunguzi wa Pemba

Uchunguzi wa Ifakara ulionesha kuwa chuma kinasaidia na hakikuongeza malaria. Lakini watoto wa Ifakara walizaliwa hospitalini, walifuatiliwa kwa karibu, na walipougua walitibiwa mapema. Ilibaki kujulikana nini kingetokea iwapo chuma kingegaiwa majumbani kwa watoto wote wa kisiwa, bila ya kumpima kila mmoja kwanza.

Swali hilo lilijibiwa Pemba. Kuanzia mwaka 2002 Wizara ya Afya ya Zanzibar, kwa kushirikiana na WHO na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, iliendesha uchunguzi mkubwa sana. Kazi za maabara zilitegemea Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, ambayo ilifunguliwa mwaka 2000. Watoto zaidi ya 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 walihusika katika sehemu iliyohusu chuma. Baadhi yao walipewa kila siku chuma na asidi ya foliki, wengine walipewa hivyo pamoja na madini ya zinki, na wengine walipewa dawa isiyo na nguvu.

Uchunguzi wa namna hii huwa na kamati huru, ambayo kazi yake ni kuangalia hesabu za vifo na za wanaolazwa wakati kazi ikiendelea. Kamati hiyo ilipoona hesabu za Pemba ilishauri utoaji wa chuma usitishwe, na ulisitishwa tarehe 19 Agosti 2003. Watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 12 wa kufa au kulazwa hospitali kwa maradhi makali, kuliko wale ambao hawakupewa. Malaria ilikuwa miongoni mwa maradhi hayo. Dawa iliyodhaniwa haina madhara ilikuwa inawaongezea hatari baadhi ya watoto.

Taarifa kamili ilichapishwa mwaka 2006, chini ya Profesa Sunil Sazawal na wenzake, nayo ilikuwa na upande wa pili ambao haufai kusahauliwa. Watoto zaidi ya 2,000 kati yao walipimwa damu tangu mwanzo, na walipatiwa uchunguzi na matibabu ya malaria kwa karibu zaidi. Katika kundi hilo, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma wa kweli walinufaika kwa kupewa chuma, na hatari ya kuugua vibaya ilipungua kwao. Faida hiyo haikuonekana kwa wale ambao hawakuwa na upungufu huo.

Wakati huo huo uchunguzi wa aina moja na ule wa Pemba ulifanywa kusini mwa Nepal, nchi ambayo sehemu iliyochunguzwa haikuwa na malaria kubwa. Huko chuma hakikuongeza vifo wala hakikuvipunguza. Tofauti kubwa baina ya sehemu hizo mbili ilikuwa ni malaria.

Kwa nini ikawa hivyo

Mwili wa binadamu una hekima yake. Anapoingiwa na maradhi, ini lake hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga njia ya chuma kutoka utumboni na kukizuia kile kilichomo ghalani. Sababu yake ni kuwa vimelea na bakteria wengi nao wanahitaji chuma ili wazaliane. Mwili huificha akiba yake kama vile mwenye nyumba anavyofunga ghala anapojua kuna mwizi mtaani.

Mtoto mwenye malaria anapopewa chuma kwa wingi, kile kinachoshindwa kuingia katika damu hubaki utumboni na huweza kuwastawisha bakteria wabaya. Kile kinachopenya huweza kuwafikia vimelea. Kwa upande mwengine, mtoto aliyeishiwa kweli na chuma, ambaye hana malaria au ametibiwa ikaisha, mwili wake huwa umefungua milango yote, na chuma anachopewa huenda moja kwa moja kutengeneza damu. Dawa ni ile ile na kipimo ni kile kile, bali hali ya mtoto ndiyo inayotofautiana.

Ifakara na Pemba basi hazipingani, bali kila moja inaikamilisha nyengine. Mapitio ya chunguzi nyingi yaliyochapishwa mwaka 2011 na mwaka 2016 yalithibitisha kuwa chuma hakiongezi malaria kwa watoto pale penye huduma za kuikinga na kuitibu. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 unapendekeza chuma kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 katika sehemu ambazo watoto 40 au zaidi katika kila 100 wana upungufu wa damu. Lakini kwa sehemu zenye malaria unasisitiza kuwa chuma kitolewe pamoja na hatua za kukinga, kupima na kutibu maradhi hayo.

Kirutubisho kidogo si lazima kiwe ndicho chanzo

Funzo hili halihusu chuma peke yake. Katika nchi za nje, baadhi ya chunguzi za watu wazima wenye saratani ya damu zimeonesha kuwa wagonjwa wenye kiwango kidogo cha vitamini D hupata matokeo mabaya zaidi ya tiba. Ni rahisi kuhitimisha kuwa wakipewa vitamini hiyo watapona vyema. Lakini mgonjwa aliyedhoofu hali vizuri, na hutoka juani mara chache, na mwili hutengeneza vitamini D kwa kupigwa na jua. Upungufu wake unaweza kuwa ni matokeo ya ukali wa maradhi, na usiwe ndio uliosababisha ukali huo.

Ili kujua hakika hapana budi kujaribu kwa uangalifu. Jaribio kama hilo lilifanywa Dar es Salaam kuanzia mwaka 2014, si kwa wagonjwa wa saratani bali kwa watu wazima 4,000 wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakianza tiba, na ambao vitamini D yao ilikuwa chini. Nusu yao walipewa vitamini hiyo kwa mwaka mzima na nusu hawakupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kuwa vitamini D haikupunguza vifo wala kifua kikuu miongoni mwao. Hivyo kuona kitu ni kidogo katika damu ni jambo moja, na kuthibitisha kuwa kukiongeza kutaleta nafuu ni jambo jengine.

Mambo ya kuzingatiwa na wananchi

Kutokana na maelezo hayo, wananchi wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

1. Mtoto mwenye dalili za upungufu wa damu afikishwe kituo cha afya apimwe damu na apimwe malaria kabla ya kununuliwa dawa yoyote ya kuongeza damu. Akiwa anahema kwa shida, amelegea, hanyonyi au viganja vimekuwa vyeupe kabisa, apelekwe hospitali mara moja bila ya kusubiri siku ya pili.

2. Akikutwa na malaria, apewe dawa ya malaria na aimalize dozi yote hata kama homa imeondoka. Mhudumu wa afya ndiye atakayeamua chuma kianze lini.

3. Mzazi ambaye mtoto wake ameandikiwa chuma na mhudumu wa afya asikiache kwa kuogopa yaliyosemwa hapa. Chuma kilichotolewa baada ya kupima ni dawa yenye manufaa makubwa.

4. Mama mjamzito aendelee kumeza vidonge vya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki. Akiba ya chuma ya mtoto wake inaanza hapo.

5. Mtoto mwenye selimundu asipewe chuma ila kwa ushauri wa daktari, kwa kuwa kupungua kwa damu yake kunatokana na sababu nyengine.

6. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, iwe nyumbani au shambani. Apewe dawa ya minyoo kwa wakati wake, na azoeshwe kuvaa viatu, kwani minyoo ya safura huingia kwa kupitia ngozi ya miguu.

7. Mtoto aliyefikia umri wa miezi sita aanze kupewa vyakula vyenye chuma, kama vile maini, dagaa, samaki, kunde, choroko na mboga za majani, pamoja na matunda kama chungwa au embe yanayosaidia chuma kuingia mwilini. Asipewe chai pamoja na chakula, kwani chai huzuia chuma.

8. Chupa na vidonge vya chuma viwekwe mbali na watoto. Mtoto akivimeza kwa wingi huweza kupata sumu na kupoteza maisha.

Wajibu wa watumishi wa umma

Kwa wale wanaopanga na kusimamia huduma, funzo ni kuwa ugawaji wa chuma kwa watoto hauwezi kutenganishwa na huduma za malaria. Kituo kisichokuwa na vipimo vya malaria, au kilichoishiwa na dawa zake, hakiko tayari kugawa chuma kwa wote. Masheha na wahudumu wa afya wa shehia wanaowazungukia wazazi majumbani wawaeleze sababu za kupima kwanza, kwani mzazi aliyefahamu sababu hushika maagizo kuliko aliyeamrishwa tu.

Zanzibar imepiga hatua kubwa tangu mwaka 2003, pale ilipoanza kutumia dawa mseto za malaria, na baadaye kugawa vyandarua vyenye dawa na kupiga dawa majumbani. Malaria ilishuka mno kuliko ilivyokuwa wakati wa uchunguzi wa Pemba. Hata hivyo maradhi hayo hayajamalizika, na husafiri pamoja na watu baina ya visiwa na bara. Maadamu mbu wapo na vimelea vipo, kumpima mtoto kwanza kutaendelea kuwa ni sehemu ya tiba yake.

Watoto wa Ifakara na wa Pemba, pamoja na wazazi waliokubali washiriki, wamewaachia wengine elimu yenye thamani kubwa. Kuitumia elimu hiyo ni kuwatendea haki wao, na ni kuwalinda watoto wanaozaliwa leo.